Nimepona fistula, lakini bado sijioni kuwa mtu kamili

Binti wa Singida

Habari zenu ndugu zangu. Nina umri wa miaka 31. Mwaka 2016 nilishikwa na uchungu wa mimba yangu ya kwanza nikiwa kwa wakwe, mbali na zahanati, na uchungu huo ukaendelea siku mbili mchana na usiku. Nilipokuwa nikigaagaa, wanawake waliokuwa wakinizalisha walinitaka nitaje majina ya wanaume niliotembea nao, kwa kuwa waliamini kwamba mtoto hukataa kutoka katika tumbo la mke aliyezini. Sikuwa na jina la kutaja. Mtoto alitoka akiwa amekwisha kufa, na baada ya siku chache nikaanza kuvuja mkojo bila kuweza kuuzuia. Kabla ya mwaka kwisha, mume wangu alinirudisha kwa wazazi wangu, akaoa mwingine.

Niliishi hivyo miaka minne, nikilala chumba cha uani na kufua matambara alfajiri kabla watu hawajaamka, nisiende kanisani wala msibani. Mwaka 2020 nilifanyiwa upasuaji Dar es Salaam, nikapona, na hadi leo sijavuja hata tone. Sasa nashona kidogo kwa cherehani ya shangazi. Watu huniambia nimshukuru Mungu, nami namshukuru kweli, lakini nikipanda daladala bado natafuta siti ya nyuma karibu na dirisha, na mtu akikunja pua kwa sababu zake mwenyewe, mimi hudhani ni kwa ajili yangu. Kwa waliopitia jambo la namna hii, mliwezaje kujiona tena kuwa watu, na mlijuaje mmebakizwa duniani kwa kazi gani?

Muuguzi Mstaafu

Pole sana mwanangu. Nimefanya kazi wodi ya wazazi kwa miaka mingi, na nitaanza na yale majina uliyotakiwa kuyataja, kwa sababu naona ndipo kidonda kilipo. Mtoto wako alikwama ama kwa sababu njia ya nyonga haikumtosha, ama kwa sababu alikuwa amekaa vibaya. Kichwa chake kikazibana nyama laini zilizo kati ya kibofu na njia ya uzazi, kikazikandamiza kwenye mifupa ya nyonga saa baada ya saa hadi zikakosa damu, zikafa, na baada ya siku chache zikaachia tundu la kuvujisha mkojo; tundu hilo ndilo fistula. Hakuna mahali hata pamoja katika mambo hayo ambapo tabia yako inaingia. Ulichokosa usiku ule ni gari na daktari wa kumtoa mtoto kwa upasuaji mapema.

Lipo jingine, na nisamehe nikikuumiza kwa kulisema. Umeandika mengi kuhusu mkojo na sentensi moja tu kuhusu mtoto. Nimewaona akina mama wengi ambao mkojo uliwashughulisha kiasi kwamba hawakupata nafasi ya kulia msiba wao, kisha wakipona mwili, msiba huo huwarudia wasiujue jina lake. Tafuta mtu mmoja unayemwamini umsimulie habari za mtoto huyo tangu mwanzo. Na siku ukipata mimba tena, nenda kliniki mapema na useme wazi kwamba uliwahi kurekebishwa fistula, kwani utatakiwa kujifungulia hospitali kwa upasuaji.

Fundi wa Mbagala

Dada yangu, mimi nilivuja miaka saba. Nilitibiwa hospitali ya CCBRT, Dar es Salaam, bila kulipa chochote, na baada ya kupona nikapokelewa katika kituo cha Mabinti, ambako wanawake waliotoka katika hali kama yetu hufundishwa kushona na kuchapa vitambaa. Nilidhani kwamba huruma ndiyo itakayoniponya. Lakini siku ninayoikumbuka kuliko zote ni ile ambayo mteja alinirudishia gauni kwa sababu mkono mmoja ulikuwa umepinda. Hakunipa pole. Aliniambia nifumue nishone upya, nami nikafumua huku machozi ya furaha yakinitoka, kwa kuwa baada ya miaka mingi mtu alikuwa amenidai kazi nzuri kama anavyomdai fundi yeyote.

Utawasikia watu wakikuambia kwamba Mungu alikupitisha huko ili uwaokoe wengine. Wapo wenzetu wanaozunguka vijijini kuwatafuta wagonjwa waliofichwa, na kazi yao naiheshimu kwa moyo wote, ila wewe hudaiwi kuifanya. Mateso yako si deni. Ukiwa fundi mzuri tu, anayelipwa ujira wake, hiyo ni kazi kamili ya kubakia duniani.

Kaka wa Wanne

Naomba niseme kwa upande wa ndugu. Dada yangu aliporudishwa nyumbani, sisi wenyewe tulimtengea chumba cha nyuma na sahani yake, tukiamini kwamba tunamsitiri. Alipopona, hakuna aliyekumbuka kumwambia arudi ndani, akaendelea kukaa kule karibu miaka miwili, akisubiri ruhusa ambayo sisi hatukujua kwamba tunadaiwa. Hadi leo jambo hilo linaniuma. Nakuuliza, dada: sasa hivi unalala wapi?

Binti wa Singida

Shikamoo mama muuguzi, na asanteni nyote. Kaka, swali lako nimelisoma mara tatu. Bado nalala kule kule uani. Jioni hii nimemwambia mama, akanyamaza kwa muda mrefu, kisha akaanza kuhamisha magunia ya mahindi kutoka chumba kilicho karibu na chake.

Wakati tunapanga kitanda nilimweleza kwamba mtoto alikuwa wa kiume na alikuwa na nywele nyingi. Hakuwahi kuniuliza, nami sikuwahi kumwambia. Ameniuliza kama nilikuwa nimemchagulia jina, nikamtajia.