Tupeane uzoefu: ni mchezo ama zoezi gani lilikurudisha baada ya ugonjwa ama ajali?

Wa Umoja
Habari zenu wanajamvi. Naomba tuongee kuhusu hii kitu juu naona familia nyingi hapa Nairobi ziko na mgonjwa ametoka hospitali, amepewa karatasi ya mazoezi, alafu karatasi inakaa juu ya friji na mgonjwa anakaa mbele ya TV.

Babangu alipata stroki, upande wa kulia ukalala. Fizio, yule mtaalamu wa mazoezi ya kurudisha mwili, akampa kampira ka kufinya, kufinya kufungua, kufinya kufungua, mzee akasema yeye si mtoto akakatupa chini ya kiti. Kitu ilimwamsha ni drafti. Jirani mmoja hapa ploti, mzee mwenzake, alikuja na ubao na vifuniko vya soda na akaweka sheria moja, kete unasukuma na mkono mgonjwa, ule mzima unakaa mfukoni. Mwanzo kusogeza kifuniko kimoja kulichukua muda hadi mimi nataka kumsaidia, jirani ananikataza. Lakini mzee hataki kushindwa! Ikawa kila jioni anauliza huyo mtu amefika wapi. Fizio alipoona alifurahi sana, akatueleza ubongo ukipoteza njia moja unaweza kutengeneza ingine ukirudia kitendo mara nyingi sana, na mtu hurudia kitu iko na maana kwake. Miezi ya kwanza ndio mwili hurudi haraka, lakini si ati baada ya hapo basi, bado unaendelea.

Haya, nyinyi mlisaidika na nini?

Rider wa Kawangware
Pole kwa mzee. Mimi niligongwa nikiwa kazini, mfupa wa paja ukavunjika nikawekwa chuma. Hakuna mtu alikuwa ameniambia paja hukonda hivyo, na woga sasa, kukanyaga chini nilikuwa naogopa kabisa hata daktari akisema mfupa umeshika. Kidonda kilipofunga vizuri binamu akanipeleka swimingi. Maji yakifika kifuani mguu unabeba karibu theluthi ya uzito wako tu, kwa hivyo nilitembea ndani ya maji kabla sijatembea barabarani bila magongo. Watoto wakaanza kushindana na mimi kutembea kutoka ukuta huu hadi ule, walikuwa wananiacha mbali na bado nilikuwa natamani Jumapili ifike.

Mama Kayole
Yangu si ya mfupa. Baada ya kujifungua nililia miezi, silali, sitaki hata kushika mtoto. Daktari alinipa dawa na akaniambia nitembee pia, na dawa sikuacha, hiyo naomba muisikie vizuri. Peke yangu singetoka kwa mlango. Wamama wa chama ndio walikuwa wananikujia, tunapanda matatu mbili hadi geti ya msitu wa Karura ya Limuru Road, tunatembea tukiongea hadi kwa maporomoko. Usingizi ndio ulirudi kwanza, alafu hamu ya chakula. Na kila nikiingia huo msitu namshukuru Wangari Maathai na wenzake, 1999 walipigwa wakiupigania, sahii ungekuwa manyumba tu.

Kiti Namba 7
Mimi uti wa mgongo uliumia, kuanzia kitovu kushuka sisikii kitu. Nilikaa nyumbani nikinenepa na kukasirikia kila mtu mpaka mwenzangu tulikuwa wodi moja akanipeleka kuona basketboli ya viti vya magurudumu. Wacheni niseme ukweli, jimu haingeniweka. Ni ile kugongana na mwenzako kiti kwa kiti na hakuna mtu anakimbia kukuambia pole. Mabega yakapata nguvu, nikaanza kujiinua mwenyewe kutoka kitini hadi kitandani bila kuita ndugu yangu, na hiyo ukiwa mtu mzima ni kitu kubwa kuliko medali.

Hii mambo haikuanza juzi. Ludwig Guttmann, daktari Myahudi alitoroka Ujerumani 1939, alifungua wodi ya uti wa mgongo pale Stoke Mandeville, Uingereza, 1944. Wakati huo watu kama sisi walikuwa wanalazwa wakingojewa wafe na vidonda vya mgongo na maambukizi ya mkojo. Yeye akaweka michezo ndani ya matibabu. Tarehe 29 Julai 1948, siku ile ile Olimpiki ya London inafunguliwa, akapanga mashindano ya kulenga mishale, wanajeshi 16 waliojeruhiwa, wanawake pia walikuwepo. Paralimpiki ya kwanza ikaja kuwa Roma 1960.

Wa Kikuyu Town
Na wetu Henry Wanyoike je! Alipoteza macho 1995 baada ya stroki akiwa kijana mdogo, 2000 akachukua dhahabu ya mita 5000 Sydney.

Binti wa Mama
Mamangu ako na sukari na presha na magoti, anasema kutembea ni kwa vijana. Na jimu hatuna pesa. Nifanyeje?

Fizio wa Eastlands
Jimu si lazima. WHO, Shirika la Afya Duniani, inasema watu wazima, hata wenye magonjwa ya kudumu, wafikishe dakika 150 kwa wiki za mwendo wa wastani, yaani anaweza kuongea lakini hawezi kuimba, na zinagawanywa kidogo kidogo, kama ni dakika kumi ni kumi. Umri wake pia unahitaji mazoezi ya kutoanguka. Kama anadungwa insulini awe na kitu tamu karibu, na akisikia maumivu ya kifua asimame hapo hapo mwende hospitali. Lakini kwanza niambie, yeye mwenyewe anapenda nini?

Binti wa Mama
Mwomboko, ile densi ya Wakikuyu. Kodiani ikilia kwa redio hata magoti anasahau.

Fizio wa Eastlands
Basi umemaliza. Hatua mbili na kukunja goti, hiyo ni zoezi la miguu na la kusimama imara, na mko wawili umemshikilia. Akunje goti kidogo tu, pale hapaumi. Avae viatu havitelezi, na utoe kapeti kwanza.