Waombaji wa safari ya injili: tuwapateje?

Bwana asifiwe wapendwa. Timu ya watu 8 inakwenda vijiji vya mwambao wa Ziwa Tanganyika, wilayani Nkasi, siku 10. Tuwachagueje waombaji, yaani watakaobaki nyumbani wakituombea?

— Amina, mtumishi. Msitegemee tangazo la ibadani: wengi watanyoosha mikono, wiki ya pili hakuna anayeomba. Kila msafiri awafuate watu 3 ana kwa ana, angalau mmoja asiwe ndugu yake. Tafuteni wasiokosa maombi ya katikati ya wiki na wanaotunza siri. Wazee wasiotoka nyumbani msiwaache, hao ni nguzo.

— Naongeza: pangeni zamu, mfano saa 11 alfajiri na saa 3 usiku. Kila mwombaji apewe karatasi yenye majina, tarehe na hoja mahususi: “Jumanne, boti kutoka Kirando, ziwa litulie.” “Tuombeeni” tupu huchosha. Hata Paulo alitaja hoja yake, Wakolosai 4:3.

— Mtandao ukikatika, waombaji hukata tamaa. Teueni mmoja wa kutuma SMS na mmoja nyumbani wa kusambaza. Majina ya wagonjwa yasiingie kwenye kundi la WhatsApp, tafadhali. Mkirudi, wapeni majibu ndani ya wiki, washukuru pamoja nanyi.