Kliniki ndogo Kondele: lazima kujisajili kwa Kamishna wa Data (anayesimamia ulinzi wa taarifa binafsi Kenya)?

karani_kondele: Habari wakuu. Kliniki yetu hapa Kisumu ina wafanyakazi 6. Majina, namba za simu na majibu ya vipimo yako kwenye faili moja ya Excel, nayo hutumwa kwa WhatsApp zamu zikibadilishana. Tumeambiwa walio chini ya wafanyakazi 10 hawajisajili. Kweli?

nyanza_data: Si kwenu. Msamaha huo unataka pia mapato yasiyofika milioni 5 kwa mwaka, na watoa huduma za afya hawamo kabisa. Jisajilini; cheti hudumu miezi 24.

mzee_wa_seva: Cheti ni karatasi tu, balaa ni hiyo WhatsApp. Kila simu iliyopokea faili imebaki na nakala, hata ya aliyeacha kazi. Wekeni faili mahali pamoja, kila mtu na nywila yake. Wa mapokezi aone jina na miadi. Majibu ni ya daktari na maabara.

nyanza_data: Simu yenye faili hiyo ikiibwa stendi, saa 72 za kumwarifu Kamishna huanza mnapojua, si mkishamaliza kulaumiana.

karani_kondele: Na nakala za zamani?

mzee_wa_seva: Futeni leo, pamoja na chelezo, yaani nakala ya akiba ya WhatsApp, iliyoko Google Drive. Hiyo ndiyo husahaulika.