Naombeni ushauri: wauza magari wanataka tuunganishe upandaji miti Uru na majaribio ya pikapu ya umeme

Katibu_wa_Miche
Wakuu, habari za mchana. Mimi ni katibu wa kikundi cha kujitolea hapa Moshi. Tuko 34, wengi wa Rau na Kiborloni, na tunapanda miti kandokando ya mfongo (mfereji wetu wa asili wa maji) mmoja kule Uru ambao kila kiangazi maji yake yanazidi kupungua.

Wiki iliyopita tulifuatwa na wauza magari. Wana pikapu ya umeme, wanataka ije ibebe miche, na kila atakayepanda miti kumi apewe nafasi ya kuiendesha kutoka lami hadi shambani. Miche 400 watatoa wao. Tatizo ni tarehe. Wao wanataka Jumamosi moja katikati ya Februari kwa kuwa njia ni kavu, sisi tulishapanga Aprili.

Roho yangu inasita. Miaka miwili nyuma mfadhili mmoja alituharakisha tukapanda mwishoni mwa Novemba, vuli inakatika. Picha zilipigwa nyingi. Februari nikapanda mlimani peke yangu kwenda kuangalia. Mche wa kwanza niliougusa uling'oka na kiriba chake. Aliyeupanda hakuuchana mfuko, mizizi imejizungusha mle ndani kama kamba ya katani. Kati ya 300 nilihesabu 41 yenye majani mabichi. Niliumia sana.

Lakini vijana wana hamu kweli na hilo gari, na mimi mwenyewe nataka kujua kama gari la umeme linawezana na mlima wetu. Tukubali au tukatae?

Kijana_Pasua
Kubali mkuu. Miche 400 ya bure unaikataaje?

Mstaafu_Misitu
Mwanangu, miche ya bure ikikauka imekula nguvu za watu 34. Februari usipande hata mmoja, jua la mwezi huo unalijua.

Ila gari usilifukuze. Februari ni mwezi wa mashimo. Chimbeni futi mbili kwa futi mbili, udongo wa juu uwekeni upande wake, wa chini upande wake. Ule wa juu mtauchanganya na samadi na kuurudisha kwanza. Sasa samadi ya mashimo 400 nani ataipandisha? Hapo ndipo pikapu inapohitajika. Waambie waje tarehe yao, wabebe samadi, vijana waendeshe. Miche ije masika yakikolea. Siku ya Taifa ya Kupanda Miti haikuwekwa 1 Aprili kwa bahati.

Dereva_Mlimani
Naunga mkono mzee. Tena kwa anayetaka kulijua gari, kulizungusha tupu kwenye lami hakumwambii chochote. Lipakieni.

Nawapa hesabu. Gari na mzigo tani 3 likipanda mita 700 kwenda juu, kuinua huo uzito peke yake kunakula karibu yuniti 6 za umeme, bado msuguano wa barabara na umeme unaopotelea njiani. Kwa hiyo msishangae asilimia za betri zikishuka haraka wakati wa kupanda. Wakati wa kushuka angalieni tena: mkiachia pedali ya mwendo, mota inageuka jenereta, inarudisha sehemu ya ule umeme na kulishika gari bila kukanyaga breki sana. Kwa mteremko wa Uru hilo ni jambo kubwa, wanaopasha breki moto kila siku wananielewa. Andikeni asilimia mkiwa chini, mkifika juu, na mkirudi chini.

Na muulizeni muuzaji betri yake ni ya yuniti ngapi. Ya yuniti 60 ukiichaji kwa soketi ya kawaida ya nyumbani, inaweza kukaa hapo siku nzima na usiku wake.

Mama_Kihamba
Kaka katibu, mimi nakaa hukohuko juu. Magari haya ni mazito kwa sababu ya betri. Ford F-150 Lightning ya Marekani, ile ya betri kubwa, inakaribia tani 3 haijapakiwa kitu. Vidaraja vyetu vya magogo juu ya mfongo mmeviangalia? Halafu chanzo cha maji kina mita zake 60 kisheria, gari liishie mbali, miche imalizie kichwani.

Jingine ni watoto. Wamezoea kusikia gari likinguruma kutoka kona ya chini, ndipo wanatoka njiani. Hili halingurumi. Wekeni mtu mzima kwenye kila kona, na asipande mtu nyuma pamoja na mzigo.

Na hiyo miche 400 ni ya nini? Kama ni mikaratusi, irudishwe. Kwenye maji pandeni mringaringa, mfuruanje na msesewe. Msesewe wazee wataulinda wenyewe, gome lake ndilo linatiwa kwenye mbege, pombe yetu ya ndizi.

Dereva_Mlimani
Mama kasema kweli. Naongeza bima: iandikwe nani analipa kijana akilitumbukiza gari mfongoni. Na kiriba chenye udongo wenye maji ni kilo moja au zaidi, miche 400 ni kama nusu tani. Aprili ifunikeni kwa turubai au majani ya migomba, upepo wa njiani unakausha majani kabla hamjafika.

Katibu_wa_Miche
Asanteni sana, nimesoma kila neno. Nimewapigia leo. Februari ya samadi wamekubali, na bima wataiandika wao. Kuhusu Aprili walisita, wanaogopa tope. Nikawaambia watu wa Uru wanapita kwenye tope hilo kila mwaka, na pikapu watakayoinunua ni ile watakayoiona imepita. Watanijibu Jumatano.

Miche yote ni migrivilea. Nimeomba nusu ibadilishwe, na yote ibaki kitaluni inyweshwe mpaka mvua.

Mama Kihamba, kesho asubuhi naenda na fundi kukagua magogo ya daraja la pili, lile lililo karibu na kanisa. Kama una nafasi tukutane hapo saa moja.