Alikiri kuonja pombe, sasa anasema hajawahi

MwalimuManyatta: Nafundisha sekondari hapa Kisumu. Kila mwaka wanafunzi hujaza fomu kuhusu pombe, kwa namba ya siri. Kuna mmoja mwaka jana aliandika ameonja busaa matangani. Mwaka huu: "Sijawahi", kalamu imekandamizwa hadi karatasi ikatoboka. Niamini fomu gani?

MuuguziAhero: Pole mwalimu. Watafiti wanalijua hili vizuri. Wanaokana baadaye mara nyingi ni wale walioonja kidogo. Anayekunywa kila wiki hasahau kirahisi. Uliza waziwazi: "hata funda moja?" Mimi ningeiamini ile ya kwanza.

BabaAchieng: Tafadhali usimfuate kumuuliza! Wakijua namba zinafichuka, darasa zima litaandika "sijawahi". Na nani anakusanya fomu?

Otis_Kondele: Wengine hutia chumvi pia. Uchunguzi wa ESPAD kuhusu pombe na dawa za kulevya, unaofanywa shuleni Ulaya tangu 1995, umewahi kuuliza kuhusu Relevin, dawa ya kulevya ya kubuni isiyokuwepo kabisa, ili kuwanasa wanaojigamba.

MwalimuManyatta: Baba Achieng, hukusanywa na kiranja, naye huzipekua akitembea. Muhula ujao naweka sanduku lenye kufuli mlangoni. Ya busaa sitamuuliza.