Kikundi cha Majirani: Bwawa la Maji ya Mvua

Bi Mwanaidi: Asalaam alaykum jirani zangu. Bwawa limegeuka kijani tena na mbu hawasemeki. Kuna wanaotaka limwagwe oili chafu. Mwasemaje?

Fundi Khamis: Waalaykum salaam. Oili msithubutu! Chini yetu ni mawe ya matumbawe yenye matundu, kinachozama bwawani kinafika visimani. Ukijani ule unalishwa na maji ya kufulia na ya makaro. Zile paipu mbili za kusini zinazoyaleta zizibwe kwanza.

Salma: Mbu wa maji machafu ndiye anayeeneza matende na mabusha. Kwa joto hili yai linakuwa mbu kwa siku 7 hadi 10, hivyo usafi wa mara moja kwa mwezi haumpati. Na makaro yenu yafunikwe. Kule Makunduchi, Unguja, mwishoni mwa miaka ya 1980, vyoo vya shimo vilimwagiwa punje za povu la plastiki zinazoelea. Viluwiluwi vikakosa hewa, mbu wakapungua sana.

Juma: Tukitia perege?

Fundi Khamis: Wanakula viluwiluwi, ila majani ya kingoni yafyekwe, ndimo vinamojificha. Lakini maji yakiwa kijani hivi, usiku hewa inakwisha majini. Alfajiri utawakuta samaki wanatweta juu. Paipu kwanza, perege baadaye.

Juma: Na mbona maji hayashuki siku hizi?

Fundi Khamis: Tope. Bwawa hili halina pa kutokea, maji yananywewa na ardhi. Tope laini likilala sentimita 10 matundu yote yanaziba. Litolewe kaskazi, Januari na Februari, likishakauka na kupasuka. Hapo linabanduka kwa beleshi. Likiwa bichi mtazoa maji tu. Mita 40 kwa 25, kwa sentimita 10, ni mita za ujazo 100: safari 20 za lori la mita 5. Lisirundikwe ukingoni, masika italirudisha lote. Na saruji chini hapana kabisa.

Mzee Haji: Wanangu, uzio nao. Milimita 1 ya mvua kwa mita ya mraba ni lita 1. Hekta 4 zinamwaga humu. Ikinya milimita 50 na nusu yake ikiingia, kina kinapanda mita nzima. Mtoto hasimami.

Bi Mwanaidi: Kweli Mzee. Wenye paipu nitawaona leo baada ya alasiri. Na chekeche la kuzuia taka mdomoni mwa mtaro?

Fundi Khamis: Nondo za milimita 12, nafasi sentimita 5, lilazwe mshazari kama ngazi ili mifuko ipande juu. Likisimama wima linaziba kwa mvua moja, maji yanarudi majumbani. Juma, nipimie upana wa mdomo.

Juma: Sentimita 90, Fundi.