Naomba ushauri: nachora kava la santuri kwa shindano la hisani Mwanza, nimekwama

FundiMabango

Wakuu, za jioni.

Mimi ni mchora mabango, kijiwe changu kipo Mabatini hapa Mwanza. Inawezekana kazi zangu mnazijua bila kunijua mwenyewe: maneno ya nyuma ya bajaji, vichwa vya saluni, na zile ramani za Afrika kwenye kuta za shule ambazo kila mara ukifika Madagaska ukuta umeisha. Siku hizi natengeneza na kadi za michango ya harusi kwenye kompyuta, maana brashi peke yake hailipi pango.

Sasa kuna kikundi kimeandaa shindano la hisani. Mtindo wameuchukua London, kwenye mradi wa Secret 7" ulioanza mwaka 2012. Kule zinachukuliwa nyimbo saba, kila wimbo unatolewa santuri 100, yanapatikana makava 700 na kila moja lina mchoro wake. Wenye majina makubwa wamo, na akina sisi wamo. Yanauzwa bila jina: unapenda mchoro, unalipa, ndipo unaambiwa nani kachora na ndani kuna wimbo gani. Hawa wa kwetu ni wadogo. Santuri 40, wimbo mmoja wa bendi ya hapa hapa, mnada wa siku moja. Pesa itanunua majaketi okozi ya wavuvi wa dagaa.

Nimepewa makava mawili meupe ya inchi 7, moja la kazi, moja la akiba. Natakiwa kurudisha Jumamosi ya wiki ijayo. Kwa penseli nimeshapiga mawazo matatu. La kwanza, Jiwe la Bismarck, lile la ziwani hapa Mwanza, jua linazama. La pili, sangara mkubwa ameuma gitaa. La tatu, usiku ziwani, wavuvi wa dagaa na karabai zao, na juu yao mwezi mpevu wa duara wenye mifereji kama ya santuri. Hili la tatu ndilo nalipenda, ila mke wangu anasema limekaa kikalenda.

Nichukue lipi? Rangi gani inakaa vizuri kwenye karatasi ngumu? Na hili la kufichwa jina mnalionaje, mtu unahangaika wiki nzima halafu hujulikani? Picha siweki, masharti yanakataza kuonesha kabla ya mnada.

Nawasilisha.

NgoshaMjini

Masharti yanakataza kuonesha, wewe umekuja kusimulia yote matatu na mtaa unaokaa juu. Siri imetunzwa kweli kweli.

Jiwe la Bismarck achana nalo, mkuu. Lipo kwenye vikombe, lipo kwenye fulana, lipo kwenye ukuta wa kila gesti. Hata mijusi wanaoliotea jua wamelichoka.

MamaKaratasi

Kaka FundiMabango, mimi nafanya kazi ya uchapaji, naomba nijibu la rangi maana hapo ndipo watu wanapolia.

Kwanza amua: unachora kwa mkono moja kwa moja juu ya kava, au unatengeneza kwenye kompyuta na kuchapa? Kama ni kuchapa, faili liwe na nukta 300 kwa inchi kwa ukubwa halisi, acha milimita 3 za kukatia kila upande, na ubadilishe rangi za skrini ziwe za wino nne: sayani, majenta, njano na nyeusi. Ile bluu inayong'aa kwenye skrini haipo kwenye wino. Kila wiki ninaye mteja anayeshika karatasi yake na kuniambia nimemwibia rangi.

Kama ni mkono, rangi ya maji inapindisha kava. Upande mmoja ukilowa unatanuka, ukikauka unavuta, unabaki na kitu kama kigae. Tumia akriliki, tabaka nyembamba, na nyuma nako pitisha tabaka moja ili pande zote mbili zivutane. Halafu ukilaze chini ya vitabu usiku kucha. Rangi ya mafuta ya mabango usiiguse kabisa, itachelewa kukauka na harufu itaingia kwenye santuri.

Na hili wengi wanalisahau: kabla hujaanza, ingiza kipande cha plastiki ngumu ndani ya kava. Rangi ikipenya, mdomo wa kava unagandana na santuri haiingii tena.

FundiMabango

MamaKaratasi umeniokoa dada yangu. Nilikuwa na kopo la rangi ya mafuta mkononi.

Yale ya rangi kufifia yameshanikuta. Mwaka jana nilichapisha kadi mahali fulani hapa mjini, bwana harusi alichagua zambarau, zikatoka rangi ya maini. Sherehe nzima naulizwa mimi.

Sindano

Nakusanya santuri, nipo Dar. Usidharau kazi uliyopewa, kava la santuri lina historia ya watu kama wewe. Alex Steinweiss aliajiriwa na Columbia, kampuni ya santuri ya Marekani, mwaka 1939 akiwa na miaka 22. Wakati huo santuri zilikuwa zinauzwa kwenye majalada ya rangi moja, ya kijivu au kahawia, mgongoni maandishi tu. Yeye mwenyewe aliyafananisha na mawe ya makaburi. Akaomba ruhusa achore. Naye alitokea kwenye mabango, sio kwenye nyumba za sanaa.

Kwa hiyo sangara na gitaa sio wazo baya kwa mtu wa mabango. Linasomeka ukiwa upande wa pili wa barabara.

NgoshaMjini

Sangara ameuma gitaa ni tangazo la baa, Sindano. Tena la baa ya nyama choma yenye bendi Jumapili.

MzeeNansio

Wanangu, shikamooni nyinyi mnaostahili, wengine marahaba.

Niwakumbushe kitu. Hizi santuri ndogo za inchi 7, za mizunguko 45, enzi zetu hazikuwa na michoro. Bendi zilirekodiwa Redio Tanzania, santuri zikafyatuliwa Nairobi, zinakuja ndani ya karatasi ya kampuni, zote sawa, na katikati ya karatasi kuna tundu la duara ili usome lebo bila kuitoa. Picha za wanamuziki ulizikuta kwenye zile kubwa za inchi 12. Mpaka wetu na Kenya ulipofungwa mwaka 1977, pale kwetu kisiwani Ukerewe santuri mpya zikawa za kuhesabu. Baba alikuwa na kreti moja, tundu za zile karatasi zimechakaa kwa vidole vyetu.

Moja niliiacha dirishani mchana, jua la Nansio mnalijua. Jioni nimeikuta imejikunja kama chapati iliyozidi moto. Fimbo niliyokula naikumbuka kuliko wimbo. Mwambieni atakayenunua asiiache kwenye gari.

Swali langu kwa mchoraji: wimbo wenyewe umeusikiliza? Maana umetueleza jiwe, samaki na mwezi, wimbo hujausema hata neno.

FundiMabango

Shikamoo mzee. Nimeusikiliza mara moja, kwenye simu, nikiwa napaka ubao wa duka la pembejeo. Nitaurudia leo usiku, sitakudanganya.

DagaaGiza

Mimi navua dagaa, nashushia Mwaloni Kirumba. Uzi umeletwa kwangu na shemeji yangu kwa sababu ya hayo majaketi okozi, nikasema ngoja nisome.

Ndugu, mchoro wako wa tatu una kosa. Kosa kubwa. Umeweka mwezi mpevu na taa za dagaa kwenye usiku mmoja. Hiyo haipo. Dagaa anafuata mwanga. Kukiwa giza, taa yako ndiyo mwanga pekee, wanakusanyika chini yake, unazungusha nyavu. Mbalamwezi ikiwaka ziwa zima ni jeupe, watakuja kwenye taa yako kufanya nini? Siku hizo tupo nyumbani tunashona nyavu na kudaiwa madukani. Mvuvi yeyote akiliona hilo kava atacheka, na pesa ni ya majaketi yetu sisi.

La pili, taa haikai ndani ya mtumbwi. Zinaelea kwenye vielea vyake, zimepangwa kwa mstari, mtumbwi wenyewe unakaa gizani. La tatu, karabai za mafuta zinaondoka, wengi sasa tuna taa za betri na sola. Mwanga wake ni mweupe, sio ule wa njano. Ukichora njano umechora utoto wangu.

NgoshaMjini

Hapo kwenye "kudaiwa madukani" nimeumia na mimi sivui.

Wakili wa Mtaani

Kuhusu jina: soma fomu uliyosaini. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 inatenganisha haki ya kunufaika na kazi na haki ya kutambuliwa kuwa wewe ndiye uliyeitunga. Kuuza kava moja kwenye mnada ni jambo moja, kuwapa ruhusa wachape mchoro wako kwenye fulana ni jambo jingine. Uliza tu, tena kwa maandishi: baada ya mnada jina litatajwa? Na mchoro utatumika wapi tena?

FundiMabango

Wakili, nimeuliza. Jina linaandikwa ndani ya kava, mnunuzi analikuta akishalipa, na siku ya pili wanabandika orodha yote. Fulana hazipo. Nimeridhika, hata mke wangu kaona ina mantiki: wakijua ni fundi wa Mabatini wangeanza kunipigia bei ya bajaji.

Sasa sikilizeni. Jana usiku nilizima taa, nikauweka wimbo. Unaanza gitaa moja peke yake, kama dakika nzima, linapiga noti chache halafu linasubiri. Besi inaingia kwa mbali. Sauti ya mtu inakuja mwishoni kabisa. Nyingi ni kimya. Mwezi wangu mkubwa ule ungekuwa makelele tupu, hata bila kosa la DagaaGiza.

Nimekaa nao hadi saa saba. Nikafuta mwezi. Nikabaki na giza na nukta tisa nyeupe zimepinda kidogo, kama mstari wa taa. Zuri, lakini linadai kitu. Ndipo nikamkumbuka mzee na tundu lake.

Nitoboe tundu katikati ya kava. Lebo ya santuri hizi ni nyeupe tupu, haina maandishi. Santuri ikiwa ndani, tunduni unaona duara jeupe: mwezi upo, wavuvi wako nyumbani. Ukiitoa santuri kuipiga, tundu linabaki jeusi, maana ndani nitapaka nyeusi: giza limeingia, watu wanakwenda kazini, na wimbo ndiyo unaanza. Zile taa tisa nitazipaka kijivu hafifu sana, ili mwezi ukiwepo usizione vizuri.

Nimechanganyikiwa au ni wazo?

Sindano

Wazo. Funga uzi.

MamaKaratasi

Usifunge, hajatoboa bado. Kaka, lebo ya inchi 7 ina kama sentimita 9 kwenda upande. Tundu lako lifanye dogo kidogo kuliko hapo, lisioneshe weusi wa santuri pembeni. Usitumie mkasi. Chukua kisu cha karatasi chenye wembe mpya, zungushia mfuniko wa kopo, na uzunguke mara tano kwa mkono mwepesi badala ya mara moja kwa nguvu. Ile plastiki ya ndani iwepo, vinginevyo utatoboa na mgongo.

Na hiyo santuri ina tundu gani katikati? Kama ni lile kubwa la milimita 38, mwezi wako utakuwa andazi lenye shimo.

FundiMabango

Nimepiga simu, tundu ni dogo, la spindo ya kawaida, kile kijiti cha katikati ya mashine ya kupigia santuri. Kutoboa wameruhusu, mradi santuri iwekwe kwanza kwenye mfuko wake wa ndani wa plastiki isikwaruzwe. Mfuko ni mwangavu, mwezi unaonekana.

MzeeNansio

Tundu lirudi. Mungu akubariki.

FundiMabango

Mrejesho, wakuu.

Kava la kwanza limekufa. Nilizunguka mara tatu, nikaona uvivu, ya nne nikakandamiza. Kisu kikaruka, mwezi ukapata mkia. La pili nimelifanya usiku, watoto wamelala, mara nane kwa mkono mwepesi kama nilivyoambiwa, mfuniko wa kopo la maziwa. Limetoka safi. Akriliki tabaka tatu, nyuma moja, limelala chini ya Biblia na kitabu cha mapishi cha mke wangu. Halijapinda.

Juzi asubuhi nililipeleka Mwaloni ndani ya bahasha, nikamwonesha DagaaGiza peke yake. Masharti yanisamehe. Aliitoa santuri, akairudisha, akaitoa. Mikono ina magamba ya dagaa, moyo wangu ulikuwa umesimama. Hakusema kitu, kaniuzia ndoo nikaondoka.

Wabheja sana wote. Nimeshakabidhi leo saa nne.

DagaaGiza

Sikusema kwa sababu tajiri alikuwa ananiita. Giza ni lenyewe. Ila ule mtumbwi uliouchora kwa mbali kule chini una watu watatu na wote wameshika nyavu. Nani anakumba maji?